Mkaguzi wa Seva

Jumatatu, 3 Machi
Mtandao unasuasua tena. Mhasibu kaagiza kompyuta ichape karatasi asubuhi, ikatoka baada ya chai. Bosi kaniita. Kasema Ijumaa ikifika hali ikiwa hivi, analeta fundi wa nje na mimi nahamia stoo. Stoo! Mimi niliyezoea chumba cha seva, chumba pekee chenye kiyoyozi ofisi nzima! Na fundi mwenyewe ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Yule ambaye kila akija kula kwangu huuliza kama bado nalipwa kwa kuzima na kuwasha.

Haiwezekani. Lazima kuna mhalifu anayeuhujumu mtandao. Nimetunga programu, nimeiita Mkaguzi. Kila sekunde inaiuliza seva: vipi, mbona taratibu? Nimeiweka kwenye kompyuta ya mhasibu. Simwamini hata kidogo.

Jumanne, 4 Machi
Mtandao mzito kuliko jana. Safi sana! Mkaguzi kamshtua mhalifu. Nimemweka kwenye kompyuta zote. Dada wa mapokezi analalamika kuwa yake inanguruma tangu niiguse. Nimemweleza kwamba ukaguzi una kelele zake.

Jumatano, 5 Machi
Mhasibu sasa anabeba mafaili yake kwenye flashi na kuyapeleka kwa miguu. Anafika kabla ya mtandao. Na anatangaza kwa sauti ili bosi asikie, kimbelembele yule!

Kosa langu nimeliona. Sekunde moja ni ndefu mno, mhalifu anapenya katikati. Nimewaamuru Wakaguzi waulize mara kumi kwa sekunde, na kila jibu nakala yake ibaki kwenye seva.

Alhamisi, 6 Machi
Seva imezirai. Mishahara imekwama humo humo. Nimepita korido kichwa chini, hakuna aliyenisalimu. Mke wangu kapiga simu: kaka yake anakuja kesho ofisini kwetu, je, amwandalie chakula cha jioni? Nimesema hapana. Nimefika nyumbani, nimemkuta anakatakata vitunguu.

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji kaja na begi dogo, kakalia kiti changu. Kauliza ni nani anayeisumbua seva kwa maswali kutoka kila kompyuta. Nikajibu kifua mbele: Mkaguzi. Kamfuta. Mtandao ukakimbia pale pale. Mhasibu akapiga makofi, bosi akanyoosha mkono nimpe funguo za chumba cha seva. Nimeumia, sifichi.

Mezani, shavu limejaa wali, shemeji kaniambia hajawahi kuona seva iliyouawa kwa kujuliwa hali.

Jumatatu, 10 Machi
Stoo. Joto, vumbi, kompyuta moja kuukuu isiyo na mtandao.

Lakini wikendi nimetafakari na ukweli nimeuona. Mkaguzi alikuwa karibu kabisa kumnasa mhalifu! Shemeji kafika chakula kimeshaiva, kapakua yeye. Safari hii hanipati. Kompyuta ya stoo inachelewa kidogo kuwaka, hivyo nimeiwekea Mkaguzi mapema, aiulize yenyewe. Nimemwekea na msimamizi, programu ya pili, wa kuangalia kama Mkaguzi anafanya kazi. Mchana imeganda kabisa.

Natunga wa tatu.