Siku Profesa Aliposoma Ukweli

Profesa hakuwahi kufundisha hata kuku kuingia bandani, lakini koti lake jeupe lilikuwa limenyooshwa pasi kuliko la daktari yeyote mjini. Asubuhi hiyo, kwenye benchi la kliniki ya wanawake, macho yake yalitua kwenye bangili mbili nene za dhahabu. Mvaaji alikuwa akimfokea mke wa mwanawe, binti fundi cherehani mwenye uso uliochoka.

"Miaka sita! Kila mwezi tumbo, tumbo, na mjukuu simwoni. Huyo daktari wako naye katoto tu, hakajui kitu. Nitamwoza mwanangu mke mwingine, nimeshasema!"

Mama mkwe alipokwenda chooni, Profesa akamsogelea binti. "Pole, dada. Mimi nina dawa ya chupa, ukinywa siku saba..."

"Wewe atakuamini, una mvi," dada akamkatiza huku akiandika haraka kwenye karatasi. "Ila anataka maneno makubwa. Msomee hii, bangili zitatoka zenyewe."

Profesa alimhurumia. Alikuwa ametapeli watu wengi, lakini hakuwahi kupata aliyejitapeli mwenyewe na kumwandikia na hotuba.

Mama aliporudi, Profesa akakohoa kitaalamu, akasoma.

"Ugonjwa huu ni endometriosisi. Nyama zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake. Zinaweza kuweka uvimbe kwenye ovari, yai likashindwa kutoka. Zinaweza kuibana mirija, yai likakosa njia. Maumivu yake ni ya kweli. Si laana, wala si kujidekeza. Wengi huzaa, wengine baada ya upasuaji. Mume naye apimwe."

Mama alikuwa analia. "Mwanangu, kumbe ulikuwa unaumwa hivyo, na mimi nakusimanga?" Akaanza kuvua bangili.

Mate yakamjaa Profesa, akamalizia mbio mbio: "Na hakuna dawa ya chupa inayoondoa nyama hizo."

Aliurudia mstari ule kimoyomoyo. Bado ulikuwa umeandikwa hivyo hivyo.

"Za upasuaji hizi," mama akasema, akimvisha mkwewe bangili.

"Na mimi, mama?"

"Wewe Mungu akuzidishie. Leo nimeona daktari asiyeuza kitu. Usiondoke, namwita mwanangu aje akusikie na yeye."

Mwana alifika, mbeba magunia wa sokoni, akasimama katikati ya mlango, na mlango ulikuwa mmoja. Profesa akaifungua karatasi upya.

"Polepole safari hii, daktari," dada akasema. "Hasa pale pa mume kupimwa."