Kuomba Wagombea Wasihudhurie Mazishi Mpaka Bibi Apone

Kupitia Shule ya Msingi,
Songea Vijijini.
16 Oktoba, 1995

Kwa Ndugu Msimamizi wa Uchaguzi,
Jimbo letu.

Ndugu Msimamizi, shikamoo. Sijui umri wako, lakini kwa kazi uliyopewa mwaka huu wa vyama vingi naona shikamoo unaistahili. Mimi ni Oliva, nina miaka kumi na sita, na nimemaliza darasa la saba mwezi uliopita. Mbele ya watu sauti yangu hukwama, ndiyo maana nakuandikia. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba malalamiko yakiwekewa namba mkubwa huyasoma mpaka mwisho. Nimeyawekea.

1. Jumanne iliyopita tulimzika Mzee Fulgence. Sipendi kumsema marehemu, lakini kijiji kizima kinajua kwamba alikuwa haazimishi hata jembe la kuchimbia kaburi la mwenzake. Wagombea ubunge wote watatu walikuja kumzika. Wa kwanza alileta magunia mawili ya mchele na jeneza lenye vishikio vinavyong'aa. Wa pili alileta lori, likawabeba waombolezaji pamoja na kwaya ya parokia na ngoma zake. Wa tatu, Ndugu Pankrasi, ana baiskeli tu, kwa hiyo alilia. Alilia mpaka wanawake wakamwacha mjane wakaenda kumbembeleza yeye. Mwaka jana tulipomzika babu yangu, Mzee Rupert, aliyeimba kwaya miaka thelathini, tulikuwa watu kumi na mmoja na mvua.

Tuliporudi nyumbani, Bibi yangu Kunegunda aliketi kizingitini. Akasema, "Fulgence yule yule kazikwa kama askofu." Halafu akaniuliza kura ni lini. Nikahesabu kwa vidole, nikamwambia zimebaki siku kumi na tisa. Akasema, "Zinatosha."

2. Kesho yake hakuamka. Nikimuuliza anaumwa wapi, anajibu kwamba anaumwa kote, ila kwa zamu. Ugali hataki, hata kwa dagaa wa Nyasa, ambao zamani alikuwa akitunyima sisi wajukuu. Anapokea uji kidogo, tena wenye sukari. Amemkataza mama kulima sehemu ya shamba iliyo karibu na barabara, kwa sababu anataka azikwe hapo, magari ya msiba yapate pa kugeuzia.

3. Padri alikuja kumpa mpako wa wagonjwa. Bibi alimshukuru sana, akauliza kama mazishi yanaweza kupangwa Jumamosi, kwa kuwa Jumapili wagombea wanahutubia mjini, Bombambili, na hawatafika wote. Padri alitoka nje akakaa kwenye gogo muda mrefu. Nilimpelekea maji lakini sikuthubutu kumuuliza kitu.

4. Ugonjwa huu unaambukiza. Mzee Dastan, jirani yetu, ambaye juzi alipanda juu ya paa kuezeka, sasa akisikia gari anakohoa. Bibi amemtumia ujumbe kupitia kwangu: "Mwambie huyo asubiri. Tukifa siku moja watagawana, mimi nibaki na mwenye baiskeli." Mzee Dastan amejibu kwamba yeye ni mkubwa kwa Bibi kwa miaka miwili, kwa hiyo foleni anaijua. Naumia kubeba maneno kama hayo, Ndugu Msimamizi, na ninayabeba mara nne kwa siku.

5. Wapambe wa wagombea nao wanachochea. Kijana mmoja mwenye kofia ya chama alikuja na daftari akaniuliza kwa adabu, "Dada, hapa kwenu hakuna mgonjwa anayeendelea vibaya?" Nilikimbilia jikoni kwa aibu. Niliporudi alikuwa ameshaingia kumwona Bibi na anaandika.

6. Kuna jambo la sheria. Nilimkumbusha Bibi kwamba akifa kabla ya tarehe 29 hatapiga kura, na kadi yake itakuwa ya bure. Akafikiri, akasema kadi nitaitumia mimi. Nikamweleza kwamba ni kosa, tena umri wangu haujafika. Akasema, "Nishtakiwe mimi. Marehemu hafungwi." Naogopa kwamba kosa hilo likienea, daftari lako la wapiga kura litajaa marehemu wenye wajukuu.

Kwa hiyo naomba moja kati ya haya. Wagombea wazuiwe kufika misibani mpaka kura zipigwe. Kama haiwezekani, basi waweke sahihi kwamba watakayemchagua wananchi atatuzika kwa miaka mitano yote, kwa mchele ule ule, ili wazee wasiwe na haraka. Kama hilo nalo ni gumu, kampeni ziongezwe mpaka Bibi afikishe miaka tisini. Sasa ana sabini na sita, kwa hiyo ni miaka kumi na minne tu.

Ndugu Msimamizi, Bibi huyu ndiye aliyenilea. Sina mwingine wa kunisemea ninaposhindwa kusema. Sitaki azikwe vizuri. Nataka ale.

Nisalimie makarani wako, mlinzi wa ofisi, na watoto wako kama unao.

Mimi anayepika uji usiomalizwa,
Oliva

N.B. Leo ni tarehe 20. Barua ilikosa mtu wa kuipeleka mjini, na Bibi ameiona akataka nimsomee. Alicheka mpaka akakaa kitako. Akasema, "We mtoto, nani kakwambia nataka kufa? Maiti hawamuulizi shida yake. Mgonjwa wanamuuliza." Ni kweli tangu Jumatatu wamekuja wote watatu kumjulia hali, na kila mmoja Bibi amemwambia kwa sauti ya chini kwamba anasikitika jeneza lake litavukaje pale kwenye kijito cha njia ya kanisani, kisicho na daraja. Jana mwenye lori ameleta mbao, mwenye magunia ameleta misumari, na Ndugu Pankrasi amegongelea mwenyewe. Daraja limekwisha, na Bibi amekula ugali sahani mbili. Kwa hiyo nakuomba usimzuie mgombea yeyote kwenda popote. Jumatatu anaanza kuugua Mama Skolastika, upande wa kisima kilichobomoka.