Hatua Zitachukuliwa

Jumatatu, 6 Mei

Waraka! Umebandikwa kwenye mlango wa masjala, juu ya tangazo langu linalokataza kubandika matangazo mlangoni.

Umetoka kwa Afisa Ustawi, binti aliyeajiriwa juzi tu, anayevaa suti na raba. Unasema kila mtumishi apewe saa ya mkononi ya kuhesabu hatua. Halafu: "Kila mtumishi afikishe hatua elfu saba kwa siku. Kwa asiyefikisha, hatua zitachukuliwa."

Akatukusanya akatuhutubia. Eti mwili ukitembea, hasira hupungua, akili huchangamka na roho huwa karibu na Mungu. Nikanyoosha mkono nikauliza kama Mungu hamwoni mtu aliyekaa. Watu wakacheka. Yeye akasema, "Nimekusikia, mzee wangu." Mzee! Nina miaka hamsini na moja tu.

Ningeutupa waraka kapuni, lakini Mkuu wa Masjala anastaafu mwisho wa mwezi na kiti chake ni haki yangu. Miaka kumi na tisa nimekitazama. Kinazunguka, kina mahali pa kuegemeza mikono. Kikwazo ni kimoja: ndani ya faili langu (ninalolitunza mwenyewe!) mna barua tatu za malalamiko kuhusu hasira zangu. Eti nilimfokea mhasibu. Eti nilimfungia dereva nje. Eti nilimrushia mtu faili. Uongo mtupu. Lilikuwa jalada tupu, halikuwa na karatasi hata moja.

Sasa kamati imesema haitampa kiti mtu asiye na utulivu, na kwamba itaangalia hatua za wiki nzima kabla ya kuamua. Mpinzani wangu ni Chapchap, karani wa meza ya pili, ambaye hata akienda kuchota maji ya kunywa utadhani anafukuzwa.

Nimefungwa saa yangu. Nimeipa jina la pingu.

Jumanne, 7 Mei

Nimeusoma waraka upya, kwa kalamu nyekundu, kama ninavyosoma kila karatasi inayoingia masjala. Na nimegundua jambo!

"Hatua zitachukuliwa." Na nani? Hausemi! Kitenzi kipo, mtendaji hayupo. Kwa hiyo nisipofikisha hatua zangu, zitachukuliwa. Zitachukuliwa na mtu mwingine yeyote, kwa niaba yangu. Kisarufi hakuna namna nyingine ya kuusoma. Binti amejifunga mwenyewe kwa kitenzi chake.

Saa tatu nikavuka barabara kwa fundi cherehani. Nikampa pingu, nikamwambia ni kifaa cha kupima presha, akifunge kwenye kifundo cha mguu, atanisaidia sana. Mtu mwema, hakuuliza. Akaendelea kukanyaga cherehani yake. Ana tenda ya sare za shule.

Jioni, hatua elfu arobaini na moja.

Jina langu likawa la kwanza kwenye ubao wa hatua. Chapchap akapauka. Nilifurahi kwa dakika nne hivi, kisha Afisa Ustawi akaja mbio na glasi ya maji na muuguzi wa zahanati. Wakanikalisha chini kwa nguvu. Wakanipima presha, ikawa juu. Ingekosaje kuwa juu nami nimeshikwa mikono yote miwili! Binti akasema kifaa kina hitilafu, akafuta kila kitu. Sifuri.

Elfu arobaini na moja, zimefutwa kwa kidole kimoja. Nimeandika barua ya kulalamika. Imebidi niipokee mwenyewe, niigonge muhuri na kuiweka kwenye faili.

Jumatano, 8 Mei

Leo nimetumia akili zaidi. Tarishi wetu, tunayemwita Mzee Posta, hutembea kutwa nzima, kapanda kashuka, kwa miaka thelathini. Nikatumbukiza pingu kwenye mkoba wake wa barua, chini kabisa. Hajui lolote. Kwa hiyo hakuna wa kutoa ushahidi.

Saa nne nikaingiwa na wasiwasi. Je, akiuacha mkoba mahali? Nikaenda kuchungulia. Ghorofa ya tatu wakasema katoka sasa hivi. Ghala, katoka sasa hivi. Ofisi ya mita, nyuma ya kiwanja cha mpira, jua kali, katoka sasa hivi! Nikarudi mapokezi, nikapanda tena ngazi, nikashuka, nikaenda tawi la pili ambako sijakanyaga tangu lifunguliwe.

Nikamkuta saa tisa kwenye benchi la mlinzi, anakunywa chai. Mkoba ulikuwa hapo hapo tangu asubuhi. Akaniambia barua zikiwa chache huzishika mkononi, mkoba wa nini? Kisha akacheka mpaka akashika mbavu. Eti ni mara yake ya kwanza kuniona nje ya masjala mchana.

Hatua za pingu: mia mbili na kumi na mbili. Hatua zangu, ambazo nimezitolea jasho: hazikuhesabiwa! Huu ni wizi.

Mama Watoto anasema nimekula sahani mbili, nikawasimulia watoto habari za ofisini bila kumtukana mtu, na nilipokuwa naoga niliimba. Sikuimba. Nilikuwa nanung'unika kwa mpangilio.

Ijumaa, 10 Mei

Jana niliivaa pingu nikakaa, nione itafanya nini. Haikufanya lolote. Hatua mia tatu, zote za chooni.

Leo Chapchap kapita mbele ya dirisha langu mara kumi na moja, mafaili kifuani, akisema "pole, kaka" kila akipita. Kwa nini pole? Nimeumwa? Nimefiwa? Elfu tisa anazo, na bado anataka nizione!

Nikafunga mlango, nikapanda juu ya meza na kuifunga pingu kwenye panga la feni. Nikawasha namba tatu. Ikazunguka mara moja, mara mbili, kisha ikachomoka, ikapita dirishani na kutua uani.

Mimi na mlinzi tumeuzunguka uwanja ule saa mbili nzima. Yeye alikuwa na fimbo, mimi nimeinama kama mtu anayechuma mboga. Nilipochoka kuinama nikawa natembea tu, mikono nyuma. Kuna maua pale karibu na tangi. Sikujua kama tuna maua. Mlinzi akauliza kama ninasali. Nikamjibu ninatafuta mali ya serikali. Tuliipata chini ya tangi, kioo kimepasuka.

Niliporudi, mhasibu alikuwa ananisubiri bila fomu ya kuazimia faili. Bila fomu! Siku nyingine ningemtoa mbio. Leo sikuwa hata na pumzi, nikamwambia karibu, keti. Akanitazama kwa hofu, akasema atarudi wakati mwingine.

Jumapili, 12 Mei

Mama mkwe amekuja kutusalimia tangu jana. Yeye kila alfajiri hutoka kwa miguu, anasali huku anatembea, na kurudi kabla ya chai. Miaka sabini na mbili! Kumwomba mkwe avae pingu siwezi, adabu hainiruhusu. Lakini adabu haikutaja mkoba wake.

Nikaitia ndani akiwa anafunga kanga. Kisha, kwa kuwa nimeshaumwa na mkoba mara moja, nikamfuata kwa mbali. Nilijificha nyuma ya gari bovu, nyuma ya ukuta wa shule, nyuma ya mwendesha baiskeli ambaye kwa bahati mbaya alikuwa anaondoka.

Akasimama bila kugeuka. Akasema, "Mwanangu, mbona unaninyemelea? Njoo tutembee."

Aibu ilinishika mpaka kwenye masikio. Nikamwamkia, nikatembea hatua moja nyuma yake, akasema nisitembee kama mlinzi wake, nije ubavuni. Tukaenda hadi darajani. Akaniambia alianza kutembea mwaka aliofiwa na mume. Akikaa ndani, huzuni nayo inakaa, inajaza chumba. Akitembea, inamfuata mpaka mahali fulani kisha inachoka. Haiondoki yote, akasema, lakini anarudi na ndogo kuliko aliyotoka nayo.

Kisha akaniuliza habari za baba yangu. Baba alifariki mwaka jana. Nilirudi kazini siku ya tatu, kulikuwa na mafaili ya ukaguzi. Sijawahi kulizungumza na mtu. Sijui kwa nini nililizungumza leo. Labda kwa sababu mtu akitembea hatazamwi usoni. Nilimweleza jinsi baba alivyonifundisha kupanga karatasi, kubwa chini, ndogo juu, na jinsi nilivyofika hospitali nimechelewa. Nikalia, barabarani, mbele ya karakana ya matairi. Naandika haya kwa kuwa shajara hii haisomwi na mtu.

Mama mkwe alinipa ncha ya kanga yake nifute uso, tukaendelea. Kuna mzigo ulinitoka kifuani, nilikuwa siujui hata kama ninao.

Tulipofika nyumbani nikafungua mkoba kwa siri. Pingu imezima. Betri imekwisha tangu jana! Maili zote zile, na machozi juu, hakuna hata hatua moja iliyoandikwa popote. Nimekasirika mno.

Jumatatu, 13 Mei

Kamati. Mkurugenzi, Afisa Ustawi, na Mkuu anayestaafu, amekaa kwenye kiti changu.

Afisa Ustawi akasema saa yangu inaonyesha aibu tupu. Nikajiandaa kubisha. Akaendelea kwamba saa si kitu, anaangalia mtu. Mzee Posta amesema nilizunguka ofisi nne kwa miguu. Mlinzi amesema niliuzunguka uwanja saa mbili bila kumgombeza. Mhasibu kaandika barua, ya kwanza katika historia ya idara, kusema nilimwambia karibu. Siku tano masjala haijaleta lalamiko hata moja. Mkurugenzi akatabasamu. Akasema kiti ni changu. Changu! Nisaini tu karatasi moja ndogo.

Nikaisoma. "Nakiri kwamba nimetembea, na kutembea kumenisaidia."

Damu ikanipanda. Miaka kumi na tisa sijaruhusu karatasi ya uongo ipite masjala, nianze na ya kwangu? Mkuu akanikonyeza nisaini. Akanikonyeza tena. Nikasema kwa heshima zote kwamba karatasi hii ina kosa: mimi sikutembea. Nilikuwa nafuatilia. Nikawaeleza yote, kwa utaratibu na kwa tarehe. Fundi cherehani. Mkoba wa kwanza. Feni. Mkoba wa pili. Kisha nikatoa waraka wao wenye wino wangu mwekundu na kuwaonyesha kitenzi kisicho na mtendaji.

Mkurugenzi akauliza kwa sauti ya chini, hivi hizo hatua alizichukua nani? Nikamwambia hilo ndilo swali ambalo waraka umeshindwa kulijibu.

Mkuu alifunika uso kwa viganja. Afisa Ustawi alikuwa anacheka au analia, sikuweza kujua.

Kiti amepewa Chapchap. Mimi nimepewa barua ya onyo kwa kuharibu saa. Ilifika masjala saa nane. Nimeipokea, nimeigonga muhuri, nimeiweka kwenye faili langu, ndogo juu.

Jumanne, 14 Mei

Chapchap amekizungusha kiti mara sita kabla ya saa nne. Nilihesabu. Kiti kile kinahitaji mtu wa kutulia, nao wamempa mwenye wadudu miguuni!

Saa kumi nikatoka. Hasira niliyokuwa nayo isingeingia kwenye basi pamoja na watu wengine, ikabidi niende nyumbani kwa miguu. Mwendo wa saa nzima. Nikaanza kutunga kichwani barua ya kukata rufaa. Hadi posta nilikuwa na kurasa mbili, kali, hazina hata koma iliyokaa vibaya. Kwenye duka la mikate aya ya tatu ikanipotea. Kwa seremala nilisimama nikamsifia kabati lake. Mbele kidogo nikajikuta nazungumza na baba, kimyakimya, habari za kiti, na nikamsikia akicheka.

Mama Watoto akauliza Chapchap anaonekanaje kwenye kile kiti. Nikasema kinampendeza. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu! Nikakaa kitako kuiandika rufaa, nikashika kalamu, nikatafuta hasira yangu. Hakuna. Imenitoka mpaka tone la mwisho. Na ilikuwa hasira halali, ya miaka kumi na tisa, sikumpa mtu ruhusa ya kuigusa. Ama nimeidondosha njiani, ama nimeibiwa, na ninamshuku Chapchap.

Kesho nitarudi kwa miguu, njia ile ile, polepole, kuitafuta.