Dakika Arobaini na Saba Kabla ya Bangkok

Jumanne, 10 Juni
Kosa la watu wengi ni kuamini saa zilizochapwa kwenye tiketi. Ya Mama Bénie, mke wangu, kwa kipande cha mwisho inasema: kuondoka Singapore saa tano asubuhi, kutua Bangkok saa sita na dakika ishirini na tano. Lakini kila mji una longitudo yake. Nyuzi kumi na tano ni saa moja. Miji hii imeachana kwa nyuzi tatu na kidogo, yaani dakika kumi na tatu. Safari basi ni saa moja na dakika thelathini na nane. Kilomita elfu moja mia nne na thelathini. Upepo utasaidia. Sikufundisha jiografia Butembo miaka thelathini bure!

Jambo si dogo. Mama Bénie anaogopa ndege. Amekubali kwenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa kwa ahadi yangu moja: kila dakika atakayokuwa hewani, mtu awe amepiga magoti sebuleni kwetu, hapa ughaibuni, Quakers Hill. Kutoka hapa hadi Singapore wengine wameshagawana zamu.

Alhamisi, 12 Juni
Kamande, dereva wa makontena bandarini Port Botany, ndiye hushika zamu ya mwisho ya maombi. Mwenye zamu ya mwisho ndiye hutangaza kanisani kwamba msafiri ametua. Miaka mitatu, yeye tu! Nimemweleza kwa upole kwamba zamu yake itaanza ndege ikiwa imeshatua. Akasema saa za Bangkok ziko nyuma ya za Singapore kwa saa nzima, serikali ndizo hupanga, si nyuzi. "Mwalimu, usimwache mama huko juu peke yake."

Dereva! Nimemfuta kwenye orodha ya zamu.

Jumamosi, 14 Juni
Ndege iliporuka, saa saba mchana kwa saa za hapa, Bénie, mwanetu, alianza, nikampokea. Saa nane na dakika thelathini na nane mchana nikasema amina, nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi, mto wa kupigia magoti ulikuwa umebonyea mahali pawili. Padogo. Si magoti yangu. Nikaupigapiga, ukajaa. Ukabonyea tena taratibu: goti moja, kisha la pili. Harufu ya moshi wa kuni. Sisi tunapikia umeme. Bénie akauliza, kwa Kiingereza chake, nani ananong'ona. Nikasema friji.

Saa tisa na dakika ishirini na tano mto ukainuka wenyewe.

Simu ikalia. Mama Bénie yuko Bangkok, mzima. Ndege ilitikisika vibaya mwishoni, lakini hakuogopa: mtu alimwombea sikioni kwa Kinande, lugha ya kwetu Butembo, mpaka magurudumu yakagusa chini.

"Baba Bénie, zamu ya mwisho mlimpa nani? Alikuwa na sauti ya marehemu mama."

Nikatoka sebuleni kinyumenyume, macho chini, kama inavyompasa mkwe mbele ya mama mkwe.

Jumatatu, 16 Juni
Jana nilitangaza mimi! Mlangoni Kamande akaniuliza polepole nani aliziba zile dakika arobaini na saba. Nikasema, familia.

Nimetafakari. Hesabu ilikuwa sahihi. Ndege ndiyo iliyochelewa. Kurudi, tiketi inasema saa tano hadi saa nane na dakika ishirini na tano. Natoa kumi na tatu: saa tatu na dakika kumi na mbili. Ndefu. Marehemu hakupenda kunisubiri, ila sasa ana nafasi.

Leo, kabla ya chai: chukua orodha ya zamu, na penye jina la Kamande lililofutwa andika la mama mkwe.