Mkoba wa Daraja la Kwanza

Kwa furaha kubwa, na baada ya vikao kumi na tisa, Serikali iliutangazia umma kuanzishwa kwa Kurugenzi ya Ubora na Thamani ya Vifaa Vidogo vya Wanasesere. Kuanzia siku hiyo hakuna kiatu, birika, kitana wala mwavuli wa mwanasesere ambao ungeuzwa, kugawiwa au kuchezewa kabla ya kukaguliwa, kupimwa na kupangiwa daraja. Tangazo lilibandikwa kwenye milango yote ya ofisi za umma. Na kwa kuwa liliandikwa kwa herufi ndogo ili liendane na mada, hakuna aliyelisoma.

Haja ya kurugenzi hiyo ilikuwa wazi. Mkurugenzi wake, enzi hizo akiwa bado afisa wa kawaida, alitoka bafuni peku nyumbani kwa dada yake akakanyaga birika la mwanasesere wa mpwa wake. Alichechemea wiki mbili. Mtu mwingine angetukana, akapaka dawa, yakaisha. Yeye aliandika andiko la kurasa sitini kuhusu ombwe la usimamizi katika sekta ndogo, na wakubwa waliolipokea, kwa kuogopa kulisoma, wakalipitisha.

Mkaguzi alihamishiwa hapo kutoka Idara ya Magunia. Alikuwa mtu mwaminifu, mwenye kuwahi kazini, na shati lake halikuwahi kuonekana limetoka nje ya suruali. Alikuja na mizani yake ya zamani, iliyoanza kusoma kwenye nusu kilo, na futi ya kupimia magunia. Aliambiwa kwamba Siku ya Tathmini ikifana, atapandishwa awe Mkaguzi Mkuu, apewe kiti chenye mikono. Mkewe alikwisha kuwaambia majirani, kwa hiyo kurudi nyuma kulikuwa hakuna.

Jumatatu alikwenda kwa Fundi Saa. Huyu alikuwa mama wa miaka sabini na kitu, mjane, mwenye kibanda chembamba kati ya duka la vitambaa na mchonga funguo. Alitengeneza saa maisha yake yote mpaka watu walipoanza kuangalia saa kwenye simu. Mikono ikakosa kazi. Akageukia wanasesere: masanduku yenye kufuli linalofunga kweli, miavuli inayofunguka kwa kubonyeza kwa ukucha, miwani za waya mwembamba kuliko unywele wa mtoto.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kukagua."

"Marahaba, mwanangu. Kagua taratibu, usipumue kwa nguvu. Juzi mteja alipiga chafya, nikapoteza vifungo kumi na viwili."

Mkaguzi aliweka mizani mezani, akapandisha sanduku dogo. Mshale haukutikisika. Akaongeza mwavuli, viatu, kitana, hatimaye duka zima. Mshale ukabaki pale pale, umetulia kama mtu aliyelipwa mshahara wa mwaka.

"Kwa mujibu wa kipimo," alisema, "hapa huna bidhaa."

"Basi niache. Huwezi kukagua kisichokuwepo."

"Hapo ndipo kosa linapoanzia, mama. Unauza bidhaa zisizokuwepo. Huo unaitwa utapeli."

Fundi Saa alisukuma lenzi yake juu ya paji la uso, akamtazama kwa macho yote mawili. "Kwenu ni wapi, mwanangu? Mama yako yupo?"

"Yupo."

"Msalimie sana. Mwambie namwonea huruma."

Mkaguzi aliendelea na fomu. Swali la kumi na nne liliuliza kama kifaa kinaweza kutumiwa na mtu mzima bila kuhatarisha maisha yake. Alichukua miwani moja, akajaribu kuivaa. Ikatua kwenye ncha ya pua kama nzi aliyechoka. Aliandika "Hapana", kisha akaifunga miwani hiyo pamoja na wenzake thelathini na tisa ndani ya boksi la viberiti, akasema zinachukuliwa kama sampuli.

Hapo tu ndipo sauti ya yule mama ilipobadilika. "Hizo hapana. Chukua masanduku, chukua hata meza. Hizo zina wenyewe."

Akamweleza. Kulikuwa na zahanati ya macho ya watoto mtaa wa pili. Muuguzi wa pale alikuwa amechoka kuwabembeleza watoto wanaovua miwani na kuzificha chini ya magodoro kwa sababu wenzao wanawacheka. Alikuwa amepata wanasesere arobaini, akaja kwa Fundi Saa na wazo lake: mwanasesere avae kwanza, mtoto atafuata. Watoto walikuwa wanakuja Ijumaa.

"Utazirudisha kabla ya Ijumaa?"

"Taratibu zitaamua, mama."

Kule Magunia alikuwa ameisema sentensi hiyo mara elfu, na haikuwahi kumsumbua. Siku hiyo ilimkwama kooni kama kidonge kilichomezwa bila maji.

Siku ya Tathmini iliangukia Jumatano. Ukumbi ulipambwa. Wajumbe wa kamati walipewa chakula cha mchana mapema, wali na maharage, kwenye meza ileile ndefu ambayo baadaye ingepangwa vifaa. Sahani zikaondolewa, meza ikafutwa kwa haraka ambayo kwa kawaida hutumika kwenye meza za serikali, halafu vifaa kutoka kila kona ya mji vikapangwa juu ya kitambaa cheupe. Wauza wanasesere walikaa nyuma. Fundi Saa alikuwa mstari wa mwisho, mkoba wake mapajani.

Mkurugenzi aliingia akipigiwa makofi. Alikuwa mtu mrefu, mtanashati, na macho yake yalikuwa yamechoka miaka mingi iliyopita, jambo ambalo hakuwa tayari kulijua. Mkaguzi alimsogezea kioo cha kukuzia.

"Hicho cha nini?"

"Cha kukuzia, bosi. Vifaa ni vidogo."

"Vifaa vidogo kwa watu wadogo. Mimi naona kwa uzoefu."

Akaanza kutembea kando ya meza, mikono mgongoni. Alilipita sanduku lenye kufuli, akaguna. Aliipita miwani akasema ni vipande vya waya, viondolewe. Aliuinua mwavuli, akaunusa, akautangaza kuwa kijiti cha meno kilichoharibika. Kisha karibu na mwisho wa meza akasimama ghafla. Ukumbi mzima ukabana pumzi. Akainama, akachukua kitu kwa vidole viwili, akakiinua juu kwenye mwanga.

"Mabibi na mabwana," alisema kwa sauti iliyotetemeka kidogo, "hiki sasa ndicho kifaa. Mkoba wa mkononi. Ngozi ya kahawia. Tazameni mng'aro huu. Tazameni umbo. Nimeutafuta mshono, sijauona. Fundi aliyetengeneza hiki ameficha mshono!"

Wajumbe wakapiga makofi. Mkaguzi akatazama. Lilikuwa harage. Lilikuwa harage la mchana, limechemshwa, limeiva vizuri. Na kwa jinsi lilivyokuwa upande alioketi yeye wakati wa chakula, huenda lilianguka kutoka kwenye sahani yake mwenyewe.

Alimsogelea bosi wake, akanong'ona. "Mheshimiwa, hicho ni..."

"Ni nini?"

Mkaguzi aliviona vichwa vyote vimemgeukia. Akakiona kiti chenye mikono. Akawaona majirani wa mkewe.

"Ni cha kahawia," alisema.

"Nimekwisha kusema ni cha kahawia."

Kutoka mstari wa mwisho Fundi Saa, ambaye kwa nusu karne alikuwa ameona skrubu zisizoonekana, alikuwa ameliona harage. Alimtazama tu Mkaguzi. Na Mkaguzi alihisi masikio yake yanawaka moto.

Mkoba ulipewa Daraja la Kwanza, thamani isiyokadirika. Uliwekwa kwenye kisanduku cha kioo, ukapigwa mhuri, ukawa Kielelezo Rasmi. Saa hiyohiyo Mkurugenzi, kichwa kikiwa kimevimba, akaamuru Mkaguzi aandike kanuni, naye akazitia saini mbele ya wapiga picha. Alikipenda zaidi Kifungu cha Tisa, alichokitunga mwenyewe: Kitu chochote kisichofanana na Kielelezo Rasmi kwa umbo, rangi na mguso, hakitahesabiwa kuwa kifaa cha mwanasesere.

"Hapo nimewakomesha," alisema, akifunga kalamu.

Mkaguzi alirudi nyumbani, mkewe akamuuliza imekuwaje. Akasema imefana. Akala kidogo. Mke alipomuuliza mbona hagusi mboga, akasema ameshiba kazini.

Asubuhi ya Alhamisi alifika ofisini kabla ya mfagizi. Alikaa na zile kanuni, akazisoma neno kwa neno kama alivyozoea kule Magunia, maana hakuwa na kipaji kingine maishani. Alipofika Kifungu cha Tisa alikisoma mara tatu. Kisha akafungua boksi la viberiti, akavuta kisanduku cha kioo karibu, akaanza kazi.

Alizilinganisha miwani zote arobaini na harage, moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja. Kwa kila moja alijaza fomu. Inafanana kwa umbo? Hapana. Kwa rangi? Hapana. Kwa mguso? Hapo alilazimika kuligusa harage, akafuta kidole kwenye karatasi, akaandika: Hapana, hata kidogo. Kwa hiyo si kifaa cha mwanasesere. Kwa hiyo Kurugenzi haina mamlaka juu yake. Kwa hiyo irudishwe mara moja kwa mwenyewe. Mihuri arobaini. Mkono ukamuuma, lakini kile kidonge cha Jumatatu kikaanza kushuka.

Fundi Saa alipokea miwani zake pamoja na zile fomu, akazisoma chini ya taa yake ndogo bila kuharakisha.

"Sasa, mwanangu, kama hizi si vifaa vya wanasesere, ni nini?"

"Sijui, mama. Si kazi yetu kujua."

Yule mama alicheka mpaka lenzi ikamdondoka. Alipojifuta machozi akasema, "Lile harage uliliona."

"Niliona."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza, mama. Nisamehe."

"Mimi nimeshakusamehe. Ijumaa nenda ukawatazame wale watoto, halafu na wewe ujisamehe."

Alikwenda, na faili mkononi ili aonekane yuko kazini. Alisimama karibu na mlango wa zahanati. Kulikuwa na mtoto wa kike wa miaka sita hivi, amefumba kiganja juu ya uso, hataki kuonyeshwa miwani wala kubembelezwa. Muuguzi hakumsemesha. Alimwekea mwanasesere mapajani, amevaa yake. Mtoto akachungulia kupitia vidole. Akaivua ile miwani ndogo, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivalisha tena vizuri zaidi, akamkemea mwanasesere: "Usiivue, utaanguka." Kisha akanyoosha mkono kwa muuguzi, akadai ya kwake. Mkaguzi aligundua kwamba ameling'ang'ania faili mpaka limekunjika.

Habari hazikukaa. Kufikia Jumanne kulikuwa na foleni kutoka mlango wa Kurugenzi mpaka barabarani: wauza viatu vidogo, mafundi wa vitanda vidogo, akina dada washona magauni ya ukubwa wa kidole. Wote walitaka cheti cha kutofanana. Mkaguzi aliwahudumia kwa heshima, na hakuna hata mmoja aliyefanana. Mkurugenzi alizitazama takwimu akafurahi: vyeti mia tatu kwa siku moja. Hakuuliza vyeti vya nini.

Wakati huohuo Kielelezo Rasmi kilikuwa kinaendelea kubadilika. Siku ya tatu kilianza kunuka. "Ngozi halisi lazima iwe na harufu," Mkurugenzi alieleza. Siku ya sita kiliota ukungu mweupe. Alikitazama kwa mbali, akaagiza kumbukumbu zisahihishwe: mkoba wa ngozi, wenye manyoya.

Siku ya tisa Mheshimiwa Waziri alikuja kuitembelea kurugenzi iliyovunja rekodi ya vyeti. Alikuwa mama mnene, mpole, aliyelelewa na bibi yake aliyekuwa akiuza nafaka. Mkurugenzi alimpeleka moja kwa moja kwenye kisanduku, akafungua mfuniko kwa mikono miwili. Waziri akarudi hatua moja nyuma, halafu akainama.

"Mkurugenzi," alisema kwa upole, "hili ni harage."

Feni ikasikika.

"Mheshimiwa," Mkurugenzi akasema, "limeshasajiliwa."

Waziri alimgeukia Mkaguzi. "Kijana, hili ni nini?"

Safari hii Mkaguzi hakutazama kiti chochote. "Ni harage, Mheshimiwa. Lilikuwa harage tangu mwanzo, na mimi nililiona nikanyamaza. Kisheria ndilo kifaa pekee cha mwanasesere kilichobaki nchini."

Waziri akaomba kanuni, akazisoma akiwa amesimama. Zilikuwa na saini, mhuri na picha ya gazeti. Na kanuni zilizotiwa saini, kila mtu alijua, hazifutwi mpaka kikao cha mwaka ujao. Akakunja karatasi, akawaza, akatabasamu kwa namna ambayo watumishi wa muda mrefu huiogopa.

"Sheria lazima ifuatwe," alisema. "Kurugenzi yako ina mamlaka kamili juu ya maharage. Kazi ni nyingi, naona umechelewa kuianza."

Barua ya uhamisho ilitoka kabla ya saa nane. Mkaguzi alirudishwa Magunia na mizani yake, cheo kilekile, kiti kilekile kisicho na mikono, na mkewe akawaeleza majirani kwamba aliombwa sana arudi. Mkurugenzi alipangiwa kituo kipya katika soko la nafaka, kwa mama mmoja mwenye sauti ya kuchekesha na vidole vyepesi, ili kupata uzoefu wa sekta.

Siku ya kwanza alifika na tai. Yule mama alimtazama juu mpaka chini, akamsogezea kreti la soda lililogeuzwa.

"Kaa hapo, baba. Unajua kuchambua?"

"Mimi ni Mkurugenzi wa Ubora na Thamani."

"Vizuri. Mawe huku, maharage huku."

Akachambua kwa uzoefu, kidevu juu, mpaka ungo ukaisha. Akausukuma mbele na kutangaza kwamba wote ni daraja la kwanza. Mama akapitisha kiganja mara moja tu, akatoa jiwe. Akapitisha tena, akatoa la pili, na la tatu, akayapanga juu ya kreti mbele ya wateja.

"Rudia," akasema.

Mkurugenzi akalegeza tai, akainama mpaka pua ikakaribia ungo, akarudia.