Kuku wa Mama Getruda na Usingizi Wangu

Jumatatu, 14 Julai

Nimetoka kazini asubuhi. Sijalala. Sasa ni adhuhuri na bado sijalala. Naandika ili nisirushe kitu, maana kitu kilicho karibu nami ni redio ya Hellen, na Hellen ni mke wangu.

Jogoo wa Mama Getruda anawika tangu nilipovua viatu. Ana uwanja mzima wa kuwikia, hautaki. Anapanda lile jiwe kubwa lililo kati ya nyumba yao na yetu, anasimama usawa wa dirisha langu, ananitazama kwanza. Kisha anaanza. Nikifunga dirisha, joto la bati. Nikifungua, jogoo.

Mtu mwingine atasema ni kuku tu. Mtu huyo anafanya kazi mchana. Mimi niko zamu ya usiku kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, chumba cha barafu, na wiki iliyopita msimamizi wetu Obedi alinikuta nimelala wima, nimekumbatia boksi la samaki. Obedi namzidi umri kwa mbali, lakini yeye ndiye mwenye kitambulisho chekundu shingoni. Alisema akinikuta tena, nisihangaike kurudi kuvaa gambuti. Hellen hajui. Akijua, nitalala sana, ila nje.

Kesho nakwenda kwa Mama Getruda. Nitamwambia ukweli ana kwa ana. Mwanamume kamili.

Jumanne, 15 Julai

Nimekwenda. Nimerudi na mayai.

Kosa ni salamu. Mama Getruda ni mkunga mstaafu. Amezalisha nusu ya wanawake wa mtaa wetu wa Mkolani, Hellen akiwemo. Binti yetu alimpokea kwa mikono yake umeme ukiwa umekatika. Mtu wa namna hiyo humfokei. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, akauliza hali ya Hellen, ya binti, ya mama yangu kule Misungwi, ya mguu wa mama yangu, ya mahindi ya Misungwi. Nilipofika mahali pa kutaja jogoo, tayari nilikuwa nimeketi na kikombe cha chai mkononi, naye ananieleza alivyobaki peke yake tangu mzee afariki, na kwamba bila sauti za kuku nyumba inakuwa nzito mno.

Mdomo ukanishinda. Nikamwambia jogoo wake ana sauti nzuri. Nzuri! Neno hilo nimelitoa mimi, hakuna aliyenishika koo. Akafurahi, akanifungia mayai kwenye gazeti.

Tumeyakaanga. Matamu sana. Hilo limeniudhi kuliko kelele.

Alhamisi, 17 Julai

Nimepata akili! Imenijia nikipanga maboksi. Kuku habembelezwi kwa maneno, anafuata tumbo. Upande wa pili wa uwanja wa Mama Getruda yuko Jonathan, fundi wa kuchomelea mageti. Kwake grenda inalia kutwa, hata jogoo kumi wawike hatasikia. Basi kuku wahamie upande wa Jonathan. Watahama kwa hiari yao, na mama wa watu hatajua kitu.

Nilipotoka kazini nilipitia sokoni nikachukua dagaa zilizovunjikavunjika, zile za kuchanganya kwenye chakula cha kuku. Nikazunguka nyuma, nikazimwaga kando ya ukuta wa Jonathan. Kuku wakaja mbio. Jogoo akashuka kwenye jiwe, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Jonathan alichungulia, akauliza nafanya nini. Nikasema nawapenda tu. Akarudi kwenye geti lake.

Nimelala mpaka saa saba mchana. Niandike tena: nimelala. Kesho nitamwaga nyingine.

Jumatano, 23 Julai

Nimekwisha.

Nimewalisha kila asubuhi. Siku za mwanzo, raha. Kumbe kuku akishiba dagaa anataga. Na kuku akitaga hanyamazi, lazima mtaa mzima uambiwe. Leo wameanza saa tatu. Mmoja anatangaza, wa pili anadakia, wa tatu anadai lake ni kubwa zaidi. Jogoo amerudi juu ya jiwe kuwapongeza wote. Manyoya yanang'aa. Kifua mbele. Ana pumzi ambayo hakuwa nayo mwezi uliopita, na pumzi hiyo nimeileta mimi kwenye mfuko wa rambo.

Usiku wa jana Obedi alipita mara kwa mara. Nilikuwa nafungua macho kwa vidole. Hellen ameniuliza mbona macho mekundu. Nikasema barafu.

Jumamosi, 26 Julai

Jumuiya ya kanisa. Wiki hii ilikuwa zamu ya Mama Getruda, tunasali kwake alfajiri. Nilitoka kazini nikaunganisha moja kwa moja. Njiani nikaona nafasi. Kama siwezi kumwambia mimi, nitamwambia kupitia kwa Mungu.

Ilipofika wakati wa maombi nikasimama. Nikawaombea wote wafanyao kazi usiku, wapate utulivu mchana, na majirani zao wajaliwe moyo wa kuyahurumia masikio ya wenzao. Nilimkazia macho Mama Getruda. Yeye alikuwa amefumba yake. Wakaitikia wote, ee Bwana twakuomba utusikie. Na jogoo kule juu ya jiwe akaitikia. Watoto wakacheka.

Kisha rozari. Hapo sikumbuki vizuri. Nakumbuka fumbo la kwanza. Halafu nakumbuka watu wamenizunguka na Mama Getruda ameweka kiganja chake kwenye paji la uso wangu. Hellen anasema nilikoroma hadi wimbo ukasimama.

Mwenyekiti wetu Wilhelmina, ambaye hukumu zake hazina rufaa, alitangaza palepale kwamba ndugu Luhaga anaumwa, ndiyo maana amejiombea kwa mafumbo. Jumuiya itakuja kumtembelea Jumanne, saa nne asubuhi. Nilijaribu kusema siumwi. Wilhelmina akasema ndivyo wanavyosema wanaume wote wakiwa karibu kuondoka.

Saa nne asubuhi! Ndiyo saa yangu pekee ya kusinzia.

Jumanne, 29 Julai

Sijui nianzie wapi.

Walikuja kwa wakati. Sukari, mchele, unga, kayamba. Wakaniamuru nibaki kitandani, mgonjwa hasumbuliwi. Kisha wakanisumbua kwa nyimbo. Kila nilipofumba macho, Wilhelmina aliona hali inazidi, akaanzisha wimbo mwingine.

Halafu akasimama Mama Getruda. Alikuwa na kapu, ndani yake tetea mwekundu na vifaranga vyake. Na kwapani, amefungwa miguu, yule. Jogoo mwenyewe. Nikaelewa. Mgonjwa huletewa kuku wa supu! Machozi yalinilengalenga. Nilikuwa nimeshamkata shingo akilini, naongeza ndimu.

Mama Getruda akanishika mkono. Alikuwa analia kweli.

"Luhaga mwanangu," alisema, "Jonathan ameniambia yote. Unawalisha kuku wangu kila asubuhi na hukutaka nijue. Baba mkwe wangu alimkabidhi babu yako ng'ombe kule Misungwi, hakupotea hata ndama. Hao wote hawapo tena, tumebaki mimi na wewe. Leo na mimi nakukabidhi hawa. Walee. Vifaranga tutagawana."

Vigelegele mpaka kwa Jonathan.

Asiyekuwa Msukuma hatanielewa, lakini naandika. Mfugo uliokabidhiwa mbele za watu haukataliwi. Hauchinjwi. Hauuzwi. Haurudishwi kwa mwenyewe eti una kelele. Ng'ombe wa kukabidhiwa akifa, unampelekea mwenyewe ngozi ili ajue hukumla. Kuku akifa, bila shaka ni manyoya. Nilitazama nyuso zote chumbani, wazee kwa vijana, na wote walikuwa wanatikisa kichwa kwa heshima. Nikaishiwa pozi. Nikasema ahsante mama, nimepokea.

Hellen alilia pia. Alisema miaka yote hii hakujua nina moyo wa namna hii. Sijawahi kuona akinitazama vile, na nakiri ilinipendeza.

Jogoo sasa hahitaji jiwe. Yuko chini ya dirisha.

Ijumaa, 1 Agosti

Kumbe jogoo ni tatizo dogo. Tatizo ni mwewe.

Wanakaa juu ya mawe kule mlimani, wanazunguka angani kutwa. Hellen anatoka asubuhi kwenda kwenye genge lake. Nani abaki na vifaranga? Mimi. Na mwewe akichukua kifaranga hachukui sehemu, anachukua chote. Manyoya nitayapata wapi nimpelekee Mama Getruda? Atasema nimekula. Hatasema, ni mwema mno. Atafikiri. Na jumuiya nzima itafikiri pamoja naye.

Kwa hiyo tangu Jumanne nakaa uwanjani na fagio. Jana mwewe alishuka chini kabisa. Nilimpiga fagio, nikalikosa bawa lake, nikaiangusha kamba ya nguo za Hellen. Lakini vifaranga vyote vipo. Tetea alikuja akasimama kwenye mguu wangu akitetemeka. Nampenda huyu tetea, sioni sababu ya kuficha. Jogoo simpendi.

Usingizi hakuna. Ndipo leo, zamu inakaribia kuisha, Obedi akanikuta. Safari hii nilikuwa nimelala kabisa, chini, nimejifunika turubai.

Nilingoja anifukuze. Hakufukuza. Aliketi kwenye boksi, na kwa mwanga wa taa nikaona macho yake mekundu kuliko yangu. Akasema anapanga Mabatini, ukuta mmoja na baa, muziki unaanza asubuhi na hautulii. Kwamba naye hajalala vizuri mwezi mzima, hata mke wake amerudi kwao kwa sababu ya hasira zake za mchana. Kisha akasema:

"Mzee Luhaga, nikikufukuza wewe nitakuwa nimejifukuza mwenyewe. Kuanzia Jumatatu nakuhamishia zamu ya mchana. Usiku ulale kama watu."

Mtu mwenye akili zake angepiga magoti kwenye barafu. Kulala usiku! Usiku jogoo pia analala! Mimi nikafikiria mwewe, uwanja mtupu, na Mama Getruda akihesabu vifaranga bila kusema neno.

Nikakataa.

Nikamwambia mchana nalala vizuri mno. Leo ni malaria tu. Nikaona hajaridhika, nikaongeza. Mtaa wetu hauna baa. Hauna msikiti karibu, hauna shule, mbwa wake hawabweki. Jogoo hatujui ni nini. Utafikiri ni kanisani siku ya Jumatatu.

Obedi akauliza, kwa sauti ndogo kabisa, kama huko kwetu kuna chumba cha kupanga.

Jumatatu, 4 Agosti

Sijawahi kuwa na akili kama wiki hii.

Chumba chetu cha uani kiko wazi tangu mwalimu aliyekipanga ahame ghafla. Obedi alikuja kukitazama jana jioni, giza limeshaingia, kuku wamelala. Akasimama katikati ya uwanja, akasikiliza. Hakuna kitu. Hata grenda ya Jonathan ilikuwa imezimwa kwa ajili ya Jumapili. Obedi akavua kofia. Akasema alikuwa amesahau kwamba dunia inaweza kunyamaza, na kwamba sasa atamwita mke wake arudi. Akanishika mkono kwa mikono miwili, mimi, kibarua wake. Akasema wema huu hatausahau.

Anahamia kesho asubuhi, moja kwa moja kutoka kazini. Kitanda kimeshaletwa.

Msimamizi anayelala uani kwako hawezi kukufukuza. Na msimamizi aliyelala vizuri ana roho nzuri. Nimeua ndege wawili bila kutoa jasho.

Suala la mwewe nalo nimelimaliza. Nimepata wavu wa zamani wa uvuvi, nimeutandaza juu ya uwanja. Hakuna kitakachopita. Hellen, aliyesikia habari za zamu kwa Obedi jana, akauliza, kama wavu unatosha, kwa nini basi nisiende zamu ya mchana. Nikamweleza kwamba mambo ya kazini yana undani wake.

Akauliza na jogoo je. Mwanamke huyu anapenda maswali. Nikamwambia jogoo nimempangia tangu asubuhi. Nimemtoa chini ya dirisha letu, nimemjengea banda zuri upande wa uani, limeegemea ukuta wa kile chumba, chini ya dirisha lake. Ni mbali kabisa na kitanda changu. Amelipenda, ameanza kuwika papo hapo, na huku ndani husikii karibu kitu.

Leo nimelala mpaka alasiri.