Moshi Bwawani

Jumatatu, 6 Machi 1967
Maji ya bwawa yana rangi ya chai. Serikali imetukusanya katika kijiji kimoja nje ya Garissa, sisi na mifugo, askari langoni. Ngamia, mbuzi, watoto: wote bwawa lilelile. Mjukuu wangu Qali anaharisha tena, macho yameingia ndani. Eldas, tulikotoka, visima vilikuwa vitamu!
Swali: maziwa hukaa siku nyingi katika kibuyu kilichofukizwa moshi. Kwa nini maji yasikae?

Jumanne, 7 Machi
Nimemweleza jirani yangu Safiyo. Akaniita adeer, yaani ami, akaniuliza, moshi utamzuia ngamia kukojoa? Mwanamke hana udadisi! Yeye anataka bwawa lizungushiwe ua wa miiba, mifugo inyweshwe nje kwenye hori. Kazi ya punda.

Jumatano, 8 Machi
Nimeazima pipa la kijiji. Makaa ndani, mfuniko juu. Kikohozi, machozi. Upepo ukaupeleka moshi wote upande wa bwawa. Kisha tukajaza maji. Harufu ajabu! Qali akanusa, akasema, Awowe, yananuka maziwa. Ushindi!

Alhamisi, 9 Machi
Watoto wa mbuzi pia wamenusa. Kundi zima, mbio, wakidhani mama yao yumo. Pipa chini, maji yote mchangani! Bwawa liko nje, na lango hufunguliwa asubuhi tu. Kijiji kizima kimelala na kiu. Abdille, adui yangu tangu ujana, akaniuliza mbele ya watu kama pipa langu hukamuliwa asubuhi au jioni. Qali alilia akiomba maji. Nilimpa chai yangu, nikatazama ukutani.

Jumamosi, 11 Machi
Safiyo amepata ruhusa ya askari. Wanawake wanakata miiba. Sikualikwa. Nilisimama karibu, nikatoa ushauri. Walinipa shoka. Mgongo ukaniuma papo hapo.

Jumapili, 19 Machi
Maji yametulia, unaona vidole vyako ndani. Qali anakimbia, amekula sukari yangu yote. Alhamdulillahi!
Watu wanamshukuru Safiyo. Hakuna anayekumbuka upepo wa Jumatano ile! Moshi wangu ulifika bwawani. Ulichelewa kufanya kazi, basi. Lazima nirudie, kwa moto mkubwa zaidi. Kuni ni adimu, lakini miiba ya ua imekauka vizuri sana. Nimechukua tita moja tu. Pengo lililobaki ni dogo: hapo hawapiti ngamia wawili kwa pamoja.